Rivasi ya Daktari Koni

Mimi na hospitali hatutishani. Wengine wakinusa tu ile dawa ya kupigia deki wanashika ukuta. Mimi napita pale kama mwenye nyumba. Kwa hiyo siku shangazi alipoitwa kwenda kuchukua majibu yake, na baba akauliza sebuleni nani atamsindikiza, nilisimama kabla hajamaliza swali. Nikapandisha suruali. "Niachieni mimi," nikasema. "Mama wa watu anahitaji bega la kuegemea."

Bega lenyewe lilidumu mpaka daktari alipogeuza kompyuta upande wetu.

Alikuwa anatuonyesha ndani ya shangazi. Siku chache nyuma walikuwa wamempitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, wakanyofoa kipande kidogo cha kwenda kupima, na sasa video ile ilikuwa inacheza mbele yetu: handaki la rangi ya waridi, linang'aa, linapumua. Kamera ikapanda, ikakata kona, ikapanda tena, na kule juu, karibu na mlango wa figo, kulikuwa na kitu chenye vidolevidole kinachopepea majini kama mmea.

"Hiyo ndiyo saratani yenyewe," daktari akasema, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza choo kiko wapi.

Nikajiandaa kumpa shangazi bega. Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni kwamba sauti ya daktari ilianza kutokea ndani ya mtungi.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, miguu imewekwa juu ya kiti, na shangazi ananipepea kwa bahasha ya majibu yake. Nesi akaingia mbio na kipimo cha presha, akatutazama wote wawili.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

"Ni mimi, mwanangu," shangazi akasema. "Huyu ni bega."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ni mwalimu wa udereva. Shule yake ni uwanja mmoja wenye ukuta, kibanda cha ofisi, na gari dogo lenye breki mbili: moja ya mwanafunzi, ya pili chini ya mguu wake yeye, upande wa abiria. Ile breki ya pili imemharibu. Ukimpakia kwenye gari lolote, anakanyaga sakafu. Ukimsimulia habari za mtu anayetaka kuoa haraka haraka, anakanyaga sakafu. Hata ile video ilipokuwa inacheza, kabla sijaaga dunia kwa muda, nilimwona: kila kamera ilipofika kwenye kona, mguu wake wa kulia ulishuka taratibu. Mimi ni msaidizi wake. Cheo ni kikubwa. Kazi ni kupanga asubuhi koni za plastiki ambazo mwanafunzi hatakiwi kuzigusa, kuzikusanya jioni, na kusukuma gari likigoma.

Daktari alisubiri nikae vizuri, akaniletea maji, akazima ile video kwa heshima yangu, akachukua kalamu achore.

"Sasa, mwalimu..."

"Nani amekuambia mimi ni mwalimu?"

Daktari akaweka kalamu chini. Ni mtu mzima, kipara kimeanza kuchungulia, lakini ghafla alikaa kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Shikamoo, mwalimu. Ulinifundisha zamani, nikiwa bado chuoni."

Shangazi akashusha miwani puani. Akamkagua kuanzia kipara kushuka chini, kama anayekagua gari la mtumba.

"Koni!"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wewe si ndiye yule Koni? Rivasi ilikushinda!"

"Ilinishinda, mwalimu."

"Ulizilaza koni zote uwanjani."

"Moja ilibaki."

"Ilibaki kwa sababu ilinasa chini ya gari ukaiburuta mpaka getini!"

Nesi aligeukia ukutani, mabega yanamcheza.

Maskini Daktari Koni. Baada ya hapo ndipo ilibidi amweleze mwalimu wake habari za saratani. Lakini alieleza, na alieleza vizuri, hata mimi mwenye kichwa bado kinazunguka nilielewa. Ule uvimbe uko ndani ya mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo la kulia kwenda kibofu. Ndio uliokuwa unamtoa shangazi damu kwenye mkojo bila maumivu, yeye akidhani ni rangi ya juisi. Bado ni mdogo, uko peke yake, na maabara inasema ni wa ile aina ya pole, isiyo na haraka ya kusambaa. Watu wengi wenye saratani ya sehemu ile hutolewa figo pamoja na mrija wake wote. Tatizo ni kwamba figo la kushoto la shangazi lilidumaa tangu utotoni. Lipo kwa jina tu. Wakilitoa la kulia, maisha yake yaliyobaki yatakuwa ya kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, wiki hadi wiki.

"Kwa hiyo nataka tuliokoe hilo figo," daktari akasema. "Napita njia ileile ya kamera. Sikupasui popote. Ndani ya kamera kuna uzi wa kioo, mwembamba sana, na mwanga wa leza unapita humo. Nafika kwenye uvimbe, nauchoma mpaka uishe. Naacha kijimrija laini ndani kwa muda ili njia isizibe. Halafu narudi nyuma, natoka."

Aliposema "narudi nyuma", nilisikia kiatu cha shangazi kikigonga sakafu.

"Sikufichi kitu," akaendelea. "Ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Itabidi tuwe tunaingia kukagua, kwa miaka. Ila usikae sana kuamua, mwalimu. Uvimbe ukishakua mkubwa, leza haitatosha, na hapo sitakuwa na la kuokoa."

"Nimesikia," shangazi akasema. Akasimama, akanishika mkono, akanitoa nje. Ndiyo, yeye ndiye aliyenishika mimi.

Nyumbani akakataa. Angekataa kwa kelele tungejua pa kuanzia, maana kelele zake tumezizoea. Yeye alikaa kwenye kochi, akachambua mchicha, akasema hapana kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Dada," baba akambembeleza, "yule ni daktari bingwa."

"Bingwa wa kwenda mbele."

"Basi tutafute mwingine."

Tukatafuta. Hospitali nyingine yenye mashine ile ilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa ya miezi, yaani muda uleule ambao daktari alisema hatuna. Baba akarudi kuniangalia mimi. Familia yetu ikikwama huwa inanitazama mimi, si kwa sababu nina akili, ni kwa sababu nina mdomo na hautozwi ushuru.

"Shangazi," nikasema, "rivasi si ajabu kumshinda mtu. Hata mimi ilinishinda mwanzoni."

"Hata sasa."

"Sawa. Lakini mbona wanafunzi wako wote..."

"Ule ni mrija," akanikata, bila kuinua macho kutoka kwenye mchicha. "Mwembamba. Una kona. Aingie na kamera, achome moto humo ndani, halafu arudi nyuma. Koni! Arudi nyuma! Na mlango wa kutokea unaujua ni upi?"

Baba akakohoa akaenda kuangalia kitu jikoni. Mimi nikaanza kumsaidia kuchambua mchicha.

Jioni moja ya wiki ile, wanafunzi wakiwa wameshaondoka, nilimkuta ndani ya gari la mafunzo. Injini imezimwa. Amekaa upande wake, wa abiria, mikono mapajani. Nikaingia upande wa usukani na utani wangu mkononi, tayari kuurusha.

"Miaka yote hii nimekaa kiti hiki," akasema kabla sijaanza. "Nimeendeshwa na watu wasiojua kushoto na kulia. Nimeendeshwa na mmoja aliyekuwa anafumba macho kwenye mzunguko. Sijawahi kuogopa hata siku moja. Unajua kwa nini?"

Nikatazama chini. Mguu wake ulikuwa juu ya breki.

"Sasa wanataka kunilaza usingizi," akasema, "mtu aendeshe ndani yangu, na mimi sina hata breki."

Niliutafuta ule utani wangu. Ulikuwa umeshashuka gari. Ndipo nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, ambacho kwa kawaida ndicho kinachonitia matatani.

"Basi mpime. Mpe mtihani wake tena."

Shangazi alicheka. Tangu siku ya majibu hakuwa amecheka. Halafu akaacha, na nikaona ameanza kulifikiria kwa dhati.

"Akifaulu, nitalala pale kitandani kwake. Akiangusha koni hata moja, nyumba nzima msiniletee tena habari za leza."

"Sawa," nikasema, kwa furaha kabisa. Nilikuwa nimeshafunga geti ndipo akili iliponifikia: nilikuwa nimeliweka figo pekee la shangazi kwenye matairi ya mtu aliyeburuta koni mpaka getini.

Kesho yake nikaenda kumweleza daktari. Nilimkuta kati ya wagonjwa wawili, anakula ndizi kwa haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndizi ikiwa imesimama hewani.

"Kuendesha gari na kazi hii havihusiani kabisa," akasema.

"Najua, daktari."

"Nimeshawafanyia watu wengi. Wanatoka salama."

"Najua, daktari."

Akatafuna. "Mimi hadi leo naegesha kwa kuingiza pua. Natafuta kwanza sehemu ambayo nitatoka kwa kwenda mbele. Wakati mwingine nazunguka jengo zima."

Hilo sikulijua, na sikuwa nimeomba kulijua.

"Lakini nikikataa atakaa nyumbani mpaka leza isifae," akasema, kama anajisemea. Akatupa ganda. "Mwambie Jumamosi asubuhi."

Jumamosi nilifika uwanjani mapema kuliko siku zote, jua halijapanda ukuta. Nikapanga koni za kichochoro cha rivasi, kile chenye kona, kila moja juu ya alama yake nyeupe kama sheria inavyosema. Nikasimama nikakitazama kile kichochoro. Kisha nikazisogeza nje. Si sana. Kidogo huku, kidogo kule, mpaka malori mawili yangeweza kupishana humo na madereva wakasalimiana. Alama nikazifunika kwa vumbi. Kazi yote niliifanya kimya kimya, kiume, bila mkono kutetemeka. Halafu nikaenda kumngoja daktari barabarani, maana geti letu lilishahamishwa tangu enzi zake.

Tuliporudi naye, shangazi alikuwa mlangoni pa kibanda na kikombe cha chai. Nikadhani ameingia nilipokuwa nje. Kichochoro kilionekana chembamba kuliko nilivyokiacha, ila siku hiyo kila kitu kilionekana chembamba, hata pumzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Panda."

Daktari akapanda. Akafunga mkanda, akaweka viganja kwenye usukani vikiwa safi, vidole vimenyooka. Shangazi akakaa kiti chake. Mimi nikajibanza nyuma, magoti kidevuni.

"Washa. Mbele mpaka ukutani. Halafu unirudishe."

Mbele tulikwenda vizuri. Bingwa ni bingwa. Ukutani akasimama, akaweka gia ya kurudi nyuma, akatazama kioo cha kulia, kioo cha kushoto, akageuka akatazama nyuma, na macho yetu yakakutana. Nikatabasamu kumtia moyo. Nadhani nilimzibia kioo.

"Inama, wewe!" shangazi akanifokea.

Gari likaanza kurudi. Polepole, polepole mno, kama linaomba radhi. Likaingia mdomo wa kichochoro. Likafika kwenye kona. Likasimama.

"Mbona umesimama?"

"Upande huu sioni vizuri, mwalimu. Nisipoona sisogei."

Akashusha kioo cha dirisha, akatoa kichwa nje, akatazama, akaongoza kidogo, akasimama tena.

"Zamani ulikuwa husimami," shangazi akasema.

"Zamani nilikuwa naona aibu kusimama."

Mimi, niliyekuwa nimeinamishwa mpaka uso uko kati ya viti viwili, nilichokuwa nakiona ni miguu tu. Mguu wa kulia wa shangazi ulikuwa juu ya breki, unaelea, umejiandaa. Gari likaanza kukata kona. Nikasikia tairi la nyuma likisugua kitu, sauti ndogo, kama mtu anayefuta kiatu mlangoni. Nikafumba macho. Nilipofumbua, shangazi alikuwa amevuta miguu yake yote miwili nyuma, akaikunja chini ya kiti, kama mtu aliyeko kanisani.

Tukatoka upande wa pili. Koni zote zilikuwa zimesimama. Ile ya kwenye kona ilikuwa bado inatikisika, ikafikiria, ikaamua kubaki.

"Umefaulu," shangazi akasema. "Umechelewa sana, lakini umefaulu."

Daktari akalaza paji la uso kwenye usukani, honi ikalia.

Hapo ningetakiwa kufurahi. Baba alifurahi, daktari alifurahi, shangazi alifungasha kanga na kandambili zake za hospitali huku anapiga mluzi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua nilichokijua. Siku ya kazi yenyewe, shangazi ameshasukumwa kwenye chumba cha upasuaji, nimekaa kwenye benchi la korido pamoja na baba, kwa mara ya kwanza maishani nikafikiri kwa kichwa badala ya mdomo. Nimempa mtu cheti kwa kichochoro bandia. Sasa yuko ndani ya mrija wa kweli, na ule hakuna aliyeusogeza pembeni.

"Umefanya jambo kubwa, kijana wangu," baba akasema, akinipigapiga gotini. "Bila wewe asingekubali."

"Usinisifu, baba."

"Na unyenyekevu pia umeanza! Ugonjwa huu umetukomaza wote."

Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Nilimsimamia mfagiaji. Nilimsimamia mtu wa kuleta mitungi ya oksijeni. Nilijiambia kama figo lile litapona, nitatembea kwa adabu, nitaacha kubwabwaja, nitaosha gari hata chini ya mazulia. Baba akaniuliza kama nataka nilale chali miguu juu ya kiti, kama siku ile. Nikamwambia niache, baba, tafadhali.

Hatimaye mlango ulipofunguka akatoka Daktari Koni mwenyewe, kofia ya karatasi kichwani, alama ya barakoa imemchora mashavuni.

"Tumeuchoma wote," akasema. "Palikuwa na kona moja mbaya. Nikasimama mpaka nikaona vizuri, ndipo nikapita. Figo liko mahali pake na linafanya kazi. Baada ya wiki chache tunaingia tena kuhakikisha hakuna kilichobaki."

Baba akamkumbatia mpaka kofia ikadondoka. Na mimi, nasema kwa aibu, ile adabu niliyoiahidi haikufika hata mwisho wa korido. Kabla hatujaingia wodini nilishaanza kutembea kifua mbele.

Shangazi alikuwa macho, ulimi bado mzito, dripu mkononi. Nesi alikuwa anampima presha. Ni yuleyule nesi wa siku ya kwanza. Daktari alisimama miguuni pa kitanda.

"Dada, umshukuru huyu kijana," baba akasema. "Wazo la mtihani lilikuwa lake."

"Jambo dogo tu, baba," nikasema, nikiegemea ukuta. "Mimi nilijua daktari atafaulu. Tangu mwanzo sikuwa na wasiwasi hata chembe."

Shangazi akafungua jicho moja.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Ndiyo maana ukasogeza koni?"

Nikaacha kuegemea ukuta.

"Koni gani?" daktari akauliza.

"Jumamosi ile usingizi ulinikataa," shangazi akasema, polepole, anavuta maneno moja moja. "Nikaja uwanjani kungali giza. Nimelaza kiti cha gari, nimejifunika kanga, namwona bwana huyu anazikokota. Alipotoka nikashuka, nikazirudisha zote kwenye alama zake. Ile ya kwenye kona nikaisogeza ndani zaidi kidogo. Ya kukumbushia zamani."

"Kumbe!" Daktari Koni akashika kipara. "Ile kona, mwalimu! Nilitoka jasho mpaka kwenye soksi!"

Baba alikuwa ananigeukia, taratibu kabisa.

"Ni dawa ya usingizi inaongea," nikasema. "Mnajua dawa hizi..."

"Imeshamtoka," nesi akasema.

"Na si kukokota tu," shangazi akaendelea. Sasa alikuwa amefungua macho yote mawili. "Alipiga magoti."

"Shangazi."

"Ameikumbatia koni ya mwisho hivi, kamasi mpaka kidevuni. Anaiambia, 'Nakuomba. Nakuomba sana, mama. Mpishe tu apite. Mimi sina shangazi mwingine.'"

Wote wanne walinitazama. Nikaitazama dripu. Ilikuwa inadondoka vizuri tu, haikuhitaji msaada wangu.

"Nilikuwa naifuta vumbi," nikasema.

"Kwa machozi?" nesi akauliza.